Kilo 19 zilizonishinda Rutamba

Juni ya mwaka juzi niliondoka Lindi mjini alfajiri, begi la kilo 19 mgongoni, nikijua moyoni kwamba siku ya nne nitakanyaga kilima cha Tendaguru. Siku ya pili jioni nilikuwa nimejilaza kwenye baraza ya mjomba wangu huko Rutamba, mabega yamechubuka, vidole vya mikono vina ganzi, maji yameniishia tangu saa saba mchana. Asubuhi nikarudi mjini kwa bodaboda. Agosti nikatoka tena, safari hii pamoja na mjomba na binamu yangu, njia ile ile na miguu ile ile, nikafika. Tofauti ilikuwa ndani ya begi. Naieleza kwa kirefu kwa sababu naona vijana wa kwetu siku hizi wanapenda safari za miguu, na wengi wanafunga mzigo kama nilivyoufunga mimi mara ya kwanza.

Nianze na sababu ya kwenda. Bibi yangu alikuwa akisimulia kwamba babu yake alibeba "mifupa ya Wajerumani" kutoka porini hadi Lindi. Tukiwa watoto tulidhani ni hadithi ya kutulaza. Nimekuwa mtu mzima, fundi cherehani mwenye duka langu, ndipo nikaanza kusoma. Mwaka 1906 mhandisi wa madini Mjerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, aliona mifupa mikubwa ya dinosaria, wanyama wa kale waliotoweka, imejitokeza ardhini karibu na kilima cha Tendaguru, umbali wa kilomita 60 hivi kaskazini-magharibi mwa mji wetu. Kati ya 1909 na 1913 makumbusho ya Berlin ikapeleka msafara wa kuchimba, ukiongozwa mwanzoni na Werner Janensch na Edwin Hennig. Waliochimba walikuwa mamia ya watu wa huku, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani, ambaye jina lake lilipewa dinosaria mmoja mwaka 2007. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeisha juzi tu, na njaa iliyofuata ilikuwa bado haijasahaulika miilini mwa watu. Hao hao ndio waliobeba. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilifika bandari ya Lindi kwa vichwa na mabega ya wapagazi, mwendo wa siku nne. Leo kiunzi cha dinosaria mwenye shingo ndefu kama ya twiga kimesimama Berlin, urefu wake kwenda juu mita 13.27.

Nilitaka kuutembea mwendo ule wa siku nne. Nilitaka kujua mgongoni ulikuwaje.

Begi lenyewe nililinunua mnadani, mtumba wa shilingi elfu 25, rangi ya bluu, ukubwa wa lita 50. Lilikuwa na vitu nisivyovielewa. Ubavuni lilikuwa na mikanda miwili minene ya kukaza, kila upande, na mbele lilikuwa na mfuko bapa wenye zipu yake peke yake. Nilitafuta kwenye intaneti nikagundua kwamba begi lile lilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaopanda milima yenye theluji na kushuka kwa kuteleza juu ya mbao za skii. Mikanda ya ubavuni ni ya kufungia zile mbao za skii wanapotembea kwa miguu. Ule mfuko wa mbele ni wa koleo na fimbo ndefu ya kuchomea theluji, vitu vya kumtafuta mwenzao akifukiwa na maporomoko. Unatengwa ili mkono uufikie bila kufungua begi zima, kwa kuwa aliyefukiwa chini ya theluji huishiwa pumzi kwa dakika chache. Habari hiyo ilinikaa kichwani, na nitairudia.

Safari ya kwanza nilipakia hivi: hema la watu wawili, jiko dogo la gesi na mtungi wake, sufuria mbili, unga kilo tatu, mchele, blanketi, jinzi mbili, viatu vya akiba, chaja kubwa, tochi mbili, taulo, na maji lita tatu. Nikaona nimejitosheleza. Hata sikupima. Kilo 19 nilizijua baadaye, nilipolipeleka begi, likiwa kama nilivyolifunga siku ya kutoka, kwenye ghala la chama cha msingi na kulitundika kwenye mizani ya ufuta. Mimi nina kilo 58, kwa hiyo nilikuwa nimebeba karibu theluthi ya mwili wangu. Wapagazi wa Kilimanjaro, ambao hiyo ndiyo kazi yao, mzigo wa mgeni haupaswi kuzidi kilo 20.

Sasa turudi barazani kwa mjomba. Jioni ile nilipoweza kukaa kitako, alileta mkeka, akaniambia, "Mwipwa wangu, mwaga vyote hapa." Nikamwaga. Akachukua kitu kimoja kimoja mkononi na kila kimoja akakiulizia swali: "Hiki kama ungekikosa leo, ungekufa, ungelala na njaa, au ungeona haya?"

Swali hilo lilinipasua. Hema: ningeona haya, kwa sababu sikutaka kugonga mlango wa mtu nisiyemjua. Jiko, sufuria, unga: ningeona haya, nisionekane nimekwenda kuwalia watu chakula chao. Jinzi ya pili, ndiyo kabisa. Zaidi ya nusu ya mzigo wangu ulikuwa ni aibu niliyoifungia zipu. Na kitu pekee ambacho kweli kingeniua nikikikosa, maji, nilikipa lita tatu kwa sababu begi lilikuwa limejaa.

Mjomba akanieleza jambo la hema kwa uzito mwingine. Huku kwetu usijilaze porini peke yako ukasema una hema. Watu wa umri wangu tunakumbuka miaka ya simba. Mkoa wa Lindi na upande wa Rufiji ndizo sehemu zilizoumizwa zaidi nchini tangu miaka ya 1990, na wengi walichukuliwa usiku wakiwa kwenye madungu mashambani wakilinda mazao dhidi ya nguruwe pori. Leo hali imetulia, lakini mzee aliyezika jirani yake hatakuelewa ukimwambia kitambaa cha nailoni ni nyumba. Unafika kijijini kabla jua halijatua, unakwenda kwa mtendaji au kwa mwenyekiti, unajitambulisha, unapewa pa kulala. Hivyo ndivyo ilivyo. Kwa maneno yake, "Mgeni mwenye robo ya sukari na kipande cha sabuni ana nyumba kila kijiji." Nikapiga hesabu: hema kilo tatu na ushee, sukari na majani ya chai na sabuni za vijiji vitatu hazifiki kilo mbili, na zinapungua kila unapolala.

Nilirudi mjini nikaanza upya, na safari hii nilianza na maji.

Lita moja ni kilo moja, hakuna ujanja. Katika joto la kwetu, hata Agosti wakati wa kipupwe, nikitembea kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tisa nakunywa lita nne bila kujilazimisha, na lita mbili ni za akiba ikitokea kisima cha mbele kimekauka au pampu imekatika. Kwa hiyo lita sita. Nikajiwekea ukomo wa kilo 13, maana ndizo nilizoona naweza kuzibeba bila kuinama. Toa sita za maji, zinabaki saba kwa kila kitu kingine, begi lenyewe likiwemo, nalo peke yake linakaribia kilo mbili. Ukishajua una kilo tano tu za kugawa, uchaguzi unakuwa rahisi sana. Mara ya kwanza nilibeba kilo 16 za vitu na lita 3 za maji. Mara ya pili, kilo 7 za vitu na lita 6 za maji.

Wiki mbili kabla ya safari mjomba alikaa na simu yake, akampigia huyu na yule njiani: kisima chenu kinatoa? Maji ya wapi mnakunywa mwezi huu? Usipuuze kazi hii. Ramani ya simu inakuonyesha mto, haikuambii kwamba Agosti mto ule ni mchanga mtupu na watu wanafukua visima vya mkono katikati yake.

Dumu la lita tano nililiacha. Likipungua linacheza, kila hatua maji yanakusukuma upande, na likitoboka umeishiwa kwa mara moja. Nikachukua chupa nne za lita moja na nusu. Mbili nilizisimamisha ndani ya begi, zimegusa mgongo, usawa wa katikati ya mabega. Mbili nikazifunga ubavuni kwa ile mikanda ya skii, moja kulia na moja kushoto. Hizo za ubavuni ndizo nilizokunywa kwanza, funda kadhaa kulia, kisha kushoto, ili begi lisipinde. Niliona mzaha mwanzoni, lakini mwili unaijua tofauti ya nusu lita ukishatembea saa tano.

Vidonge vya klorini vya madukani vimepimwa kidonge kimoja kwa lita 20, na mtu mwenye chupa ya lita moja na nusu atakikatakataje? Sikukikata. Kila nilipolala nilimwomba mwenyeji ndoo ya lita 20, tukachuja maji kwa khanga iliyokunjwa mara nne, tukatia kidonge, tukasubiri nusu saa. Mimi nikajaza chupa zangu, yaliyobaki ni ya nyumba. Mama mmoja aliniomba nimwachie vidonge vinne, nikamwachia sita.

Upangaji wa vitu ndani ya begi ndio ulionichukua muda mrefu kuuelewa, ingawa nimeuona tangu utotoni. Mwanamke anayetoka kisimani na ndoo kichwani hatembei akiwa ameinama. Uzito umekaa juu ya uti wa mgongo, unashuka wima hadi nyongani, na ngata inausambaza usichome sehemu moja. Mimi safari ya kwanza niliweka vitu vizito mbele ya begi, mbali na mgongo, na blanketi laini ndiyo iliyogusa mgongo, nikidhani najipa godoro. Matokeo yake begi lilinivuta nyuma siku nzima na mimi nikashindana nalo kwa mabega. Safari ya pili: chini kabisa vitu vya usiku, laini, juu yake, katikati na karibu na mgongo, maji na chakula, mbele nguo, juu kabisa vitu vya mchana. Mkanda wa kiunoni niliukaza kwanza, juu ya mifupa ya nyonga, ndipo nikakaza ya mabegani. Sponji ya mkanda ule ilikuwa imechoka, nikaifumua na kushonea mpya. Ukiwa na cherehani hiyo ni kazi ya nusu saa. Usiikwepe, kwa sababu mkanda huo ndio ngata yako.

Begi lilikuwa na tatizo jingine la mitumba. Mgongoni lilikuwa na mifuko miwili mirefu ya kuingizia vyuma vya kulinyoosha, na vyuma havikuwemo. Bila vyuma begi linajikunja kama gunia na uzito haufiki nyongani. Hapa mjomba alinifundisha tena. Alikata mwanzi mkavu, akaupasua, akachonga fito mbili nyembamba, akazilainisha kwa kigae cha chupa, akazipitisha kwenye moto kidogo zikapata mpindo wa mgongo wangu. Zikaingia kama zilizotengenezewa.

Nikamwonyesha kwenye simu nilichokuwa nimekisoma. Wale wachimbaji wa Tendaguru walifunga mifupa kwa njia hiyo hiyo: fito za mianzi zimezungushwa kuuzunguka mfupa, zimekazwa kwa kamba, ndani pamejazwa udongo na nyasi pasibaki nafasi ya kitu kutikisika. Baadhi ya mafungu hayo yapo Berlin hadi leo, hayajafunguliwa. Mjomba aliitazama picha muda mrefu, akasema, "Fundo hilo nalijua." Tangu hapo nilipoufunga mzigo nilihakikisha hakuna kinachocheza. Soksi zikaingia ndani ya kikombe, dawa ndani ya viatu vya jioni, karanga zikajaza pembe. Unatikisa begi, likitoa sauti unafungua na kupanga upya.

Vilivyobaki nitavitaja haraka. Khanga mbili, moja shuka na moja kila kitu kingine. Chandarua chepesi. Mkeka mwembamba uliokunjwa. Suruali moja ya kitambaa chepesi na mashati mawili ya mikono mirefu, kwa sababu ya upupu, ambao wakati wa kiangazi unapeperuka kutoka kwenye maganda makavu, na ukikushika shingoni chini ya mkanda wa begi utalia. Soksi jozi tatu. Raba nilizozivaa miezi mitatu kabla, yeboyebo za jioni. Tochi moja ya kichwani, simu na chaja ndogo. Dawa mseto ya malaria pamoja na kipimo chake, kama nilivyoelekezwa na mhudumu wa zahanati.

Chakula cha mchana kilikuwa korosho za kukaanga, karanga, tende, na ming'oko, ile mizizi ya porini, iliyochemshwa tuliyonunua njiani. Kilo moja na nusu kwa siku nne, na haikuisha. Nasema kwa dhati, mtu wa Lindi kununua biskuti za safari wakati korosho zipo ni kujinyima. Gramu mia za korosho zina nguvu ya mlo mdogo, haziharibiki kwa jua, na hazihitaji moto.

Rangi ya begi nusura isahaulike. Mjomba aliliona la bluu akakataa kuondoka nalo. Mbung'o wanaipenda bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Nililishonea koti la kiroba kilichochakaa, rangi ya udongo. Tulipoingia kwenye mapori ya miombo walikuja kweli, wakaipata kofia nyeusi ya binamu yangu, akaivua mwenyewe na kuificha.

Binamu huyo ndiye aliyenionyesha faida ya mfuko wa mbele. Ndani yake niliweka bendeji, plasta, dawa ya kuoshea kidonda, pakiti nne za chumvichumvi za kuchanganya na lita moja ya maji kila moja, na filimbi. Hakuna kingine kilichoruhusiwa kuingia humo, hata nilipobanwa nafasi. Siku ya tatu alikanyaga kisiki kilichokatwa kwa mshazari, kikapenya sandali na kuingia unyayoni. Damu ilikuwa nyingi. Sikufungua begi, sikumwaga nguo kwenye vumbi. Nilivuta zipu moja, na kabla hajamaliza kusema "dada" nilikuwa nimebana kidonda. Walioshona mfuko ule walikuwa wanawaza theluji ya Ulaya, na nawashukuru.

Kabla ya hayo yote nilifanya mazoezi wiki tatu. Asubuhi kabla ya kufungua duka nilitembea kuelekea Mitwero na begi lenye chupa za maji na mchanga, kilo nane, kisha kumi, kisha 13. Wiki ya kwanza niligundua mshono mmoja unanichoma begani. Bora uugundue Mitwero.

Siku ya nne, saa tano asubuhi, tulifika. Jina Tendaguru katika Kimwera ni kilima chenye mwinuko mkali, ingawa kwa macho si mlima wa kutisha. Ni kilima kilichovaa vichaka, kimya, na udongo ambao unautazama ukijua umekanyagwa na mamia ya watu wa kwenu wakiinama na sururu. Tulitembea taratibu na kijana wa kijiji aliyetuongoza. Hatukuokota chochote, hata kijiwe. Mabaki yale yanalindwa na sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964, na mimi binafsi nilihisi kwamba vilivyobebwa kutoka pale vimetosha.

Nilivua begi nikalipima kwa mkono. Lita mbili na kidogo za maji zilikuwa zimebaki. Mabega hayakuwa na mchubuko. Babu yake bibi alipitia njia hizi na mzigo mzito kuliko wangu, kichwani, bila mkanda wa kiuno, na hakuna aliyemuuliza kama anaweza. Nilikaa chini nikalia kidogo, mjomba akanipa kisogo, akajifanya anaangalia njia.

Tulitokea upande wa Mipingo, binamu akichechemea lakini kidonda kikavu, tukapanda bodaboda hadi barabara ya lami iendayo Kilwa. Siku iliyofuata nilikwenda ghalani nikatundika begi kwenye mizani ile ile. Kilo tano na nusu, bila maji. Yule karani aliyelipima la kwanza aliniuliza nimeacha nini huko, nikamwambia sukari na vidonge.

Safari ijayo chaja naiacha nyumbani, na badala yake nitaongeza chupa moja ya nusu lita kwa ajili ya kunawa, kwani kugawana maji ya kunywa na ya udhu kulinipa shida siku ya pili. Fito za mianzi bado zimo begini. Ufito wa kushoto umeanza kupasuka juu, na mjomba ameniahidi mwingine kabla ya Julai.